Kiraka cheupe AutoCAD: kwenye skrini kinaziba, kwenye karatasi kila kitu kinarudi

#1 Penseli Butu

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kabla sijazichana hizi karatasi.

Kuna mteja hapa Dodoma nimemchorea ramani ya nyumba ya vyumba vinne. Sebuleni na kwenye korido nimeweka hachi (mistari ya kujaza eneo) ya vigae vya 600 kwa 600, na juu yake kuna samani, majina ya vyumba na vipimo. Mnajua wenyewe, mstari wa kigae ukipita katikati ya neno SEBULE, mtu anasoma anachotaka. Nikaamua kuziba kwa WIPEOUT, ile amri ya AutoCAD (programu ya kuchorea) inayoweka kiraka cha rangi ya karatasi. Kila jina la chumba nikaliwekea kiraka chake, masofa yakapata viraka, meza ya chakula pia, na kuna kingine kimoja kule kwenye jedwali la jina la mchoro. Kwenye skrini kazi imetulia, naitazama mwenyewe naipenda.

Leo mchana nimebeba faili kwenye flashi hadi steshenari wanakoprinti A1. Karatasi ya kwanza imetoka kila kiraka kina boksi jeusi, sebule nzima utadhani stoo ya makasha. Nikaambiwa ni fremu, yaani mstari wa ukingo wa kiraka, nikaizima palepale. Karatasi ya pili ikatoka bila maboksi, lakini na viraka navyo havipo! Vigae vimepita juu ya masofa, vimepita juu ya maandishi, kila nilichoziba kimerudi.

Nimefika nyumbani nimefungua faili lilelile, viraka vinaziba. Nimejaribu kwa kiprinta changu cha A4, vinaziba. Sasa mwenye kosa ni mimi au ni wao? Natumia AutoCAD 2020, na mteja anataka karatasi zake Jumatatu.

#2 Tofali la Kuchoma

Tatizo ni Jumatatu, mkuu.

#3 Binti Vipimo

Pole kaka. Anza na la kawaida kabisa kabla hujamlaumu mtu wa steshenari.

Vitu kwenye mchoro vimepangana kama karatasi mezani, kilichochorwa mwisho kinakaa juu. Kama uliweka kiraka halafu ukarudia hachi, hachi mpya imekaa juu ya kiraka na hakuna kinachozibwa. Kila ukirudia hachi au ukikopi vitu, mpangilio unaweza kuvurugika bila wewe kujua. Fanya hivi: andika HATCHTOBACK, hachi zote zitashuka chini kwa mkupuo. Kisha TEXTTOFRONT, chagua zote, maandishi na vipimo vitapanda juu. Kiraka kitabaki katikati, na hapo ndipo mahali pake. Kama kuna kimoja kinasumbua, kichague, DRAWORDER, ukipeleke mbele au nyuma unavyotaka. Malizia na REGEN, mchoro ujichore upya kwenye skrini.

Na hiyo fremu usiizime kabisa. WIPEOUTFRAME ina namba tatu. 0 inaficha fremu kote, 1 inaonyesha na kuprinti (hiyo ndiyo iliyokupa makasha), na 2 inaonyesha kwenye skrini lakini haiprinti. Mimi naweka 2 siku zote. Ukiweka 0, kesho utasahau viraka viko wapi, utaanza kugombana na mchoro wako mwenyewe.

#4 Penseli Butu

Dada shukrani, nimefanya yote. HATCHTOBACK, TEXTTOFRONT, fremu nimeweka 2. Ila kwenye skrini yangu hakuna kilichobadilika kwa sababu hata mwanzo vilikuwa vinaziba. Ndiyo maana nasema jambo hili lina mkono wa mtu.

#5 Mzee wa Rula

Hakuna mkono wa mtu. Kuna tiki moja.

Kijana, umesema kwako vinaziba na kwenye plota yao (kile kiprinta kikubwa) havizibi, faili ni lilelile. Basi mpangilio wa juu na chini uko sawa. Kilichotofautiana ni mipangilio ya plota, lile faili la pc3. Kila duka lina la kwake, na mara nyingi aliyeliweka ni fundi aliyekuja kufunga mashine miaka hiyo na hajaonekana tena.

Kwenye dirisha la PLOT, pembeni ya jina la plota kuna kitufe cha Properties. Ingia humo, tafuta sehemu ya Graphics, ndani yake kuna Merge Control. Machaguo ni mawili: Lines Overwrite na Lines Merge. La kwanza linamaanisha cha juu kinafunika cha chini. La pili linamaanisha wino unachanganyika pale vitu vinapopishana, hakuna anayemfunika mwenzake. Sasa kiraka ni nini? Ni eneo la rangi ya karatasi. Changanya rangi ya karatasi na mstari mweusi, unabaki na mstari mweusi. Ndiyo habari yote ya karatasi yako ya pili.

Tena hii haili waipauti peke yake. Hata maandishi yenye mandhari ya kuziba nyuma yatapitwa na mistari.

Ushauri wangu: usipeleke DWG (faili lenyewe la AutoCAD) steshenari. Tengeneza PDF kwako ukitumia DWG To PDF.pc3, hakikisha umechagua Overwrite, ifungue uvute karibu uone sebule yako, ndipo uende. DWG ikifunguliwa kwenye kompyuta ya watu inakutana na fonti zao, ctb zao (mipangilio ya rangi na unene wa mistari) na plota yao. Unapeleka mchoro wako, unarudi na mchoro wao.

#6 Tofali la Kuchoma

"Unapeleka mchoro wako, unarudi na mchoro wao." Hii naibandika ukutani ofisini.

#7 Kona Nyoofu

Salamu kutoka Mombasa. Mzee amemaliza la plota, mimi nataka niulize la nyuma yake: hivi viraka vyote vya majina ya vyumba vilikuwa vya nini?

Kama maandishi ni MTEXT (maandishi ya aya), huhitaji WIPEOUT hata kimoja. Chagua maandishi yote kwa pamoja, fungua Properties, tafuta Background mask, weka Yes. Imekwisha. Kiraka kinakuwa sehemu ya neno lenyewe, ukilisogeza kinasogea nalo, ukiongeza herufi kinatanuka. Ukubwa wake unaongozwa na namba ya ukingo, inakuja ikiwa 1.5. Ukiweka 1 kiraka kinabana herufi sawasawa, na mimi hupenda 1.2 hivi, kwa sababu 1.5 kwenye chumba kidogo kama choo inakula hadi ukuta. Halafu uchague itumie rangi ya mandhari ya mchoro. Usikichagulie nyeupe kwa mkono.

Kama uliandika kwa TEXT ya mstari mmoja, igeuze kwanza kwa TXT2MTXT. Iko pia TEXTMASK kwenye Express Tools, inafunga kiraka na neno pamoja, lakini ukihariri neno likawa refu kiraka kinabaki palepale, kifupi kama kanzu ya mtoto aliyekua.

Vipimo navyo vina lao. Ingia kwenye mtindo wa vipimo, ukurasa wa Text, Fill color weka Background. Kwa wanaopenda kuandika, DIMTFILL iwe 1, ila hiyo peke yake inashika vipimo vipya tu. Ukibadilisha mtindo wenyewe, vipimo vyake vyote vinaziba vyenyewe, vya leo na vya kesho.

Samani ndizo pekee ambazo ningezitilia WIPEOUT, tena ndani ya bloku (mistari iliyofungwa pamoja kama kitu kimoja), si juu ya mchoro. Fungua bloku ya sofa kwa BEDIT, zungushia polilaini (mstari mmoja wa vipande vilivyoungana) ya mistari minyoofu, WIPEOUT, herufi P, chagua polilaini yako, ikikuuliza kama ifutwe sema ndiyo. Kisha kipeleke kiraka nyuma kabisa ya mistari ya sofa kwa DRAWORDER, humohumo ndani ya bloku. Hifadhi, toka. Kila sofa utakayoiweka sebuleni inakuja na kiraka chake tumboni, na ukiisogeza vigae vinajifunika na kujifunua vyenyewe. Mimi nina maktaba ya bloku zangu, kitanda, meza, gari, hata mti, zote zina kiraka ndani. Nilikaa Jumamosi moja nikazimaliza, sijarudia tena.

#8 Penseli Butu

Kona Nyoofu umenitoa jasho, nilikuwa nimeweka viraka 43 kwa mkono. Kimoja kimoja. Na kila mteja akisema sofa lisogee kidogo, nahama na kiraka nyuma yake kama mtu anayehamisha godoro.

#9 Ukuta wa Matumbawe

Assalam alaykum. Mimi niko Unguja, nachora uso wa mbele wa nyumba ya Mji Mkongwe inayotaka kufanyiwa matengenezo. Kule ni eneo la Urithi wa Dunia tangu 2000, kila dirisha na kila nakshi wanaitazama, huwezi kuchora juu juu. Ukuta nimeupa hachi ya mawe. Mlango ni ule wa upinde juu, nikataka hachi isiingie kwenye mlango. WIPEOUT inakataa katakata, inanijibu polilaini lazima iwe imefungwa na iwe ya mistari minyoofu tu. Upinde wangu je, niunyooshe? Mlango wa Unguja ukinyooka si mlango tena huo.

#10 Binti Vipimo

Hahaha usiunyooshe, watu watakuandama. WIPEOUT kweli haipokei pinde. Kwa duara watu huchora POLYGON ya pande nyingi, 64 hivi, kisha wanaigeuza kiraka. Jicho haligundui. Kwa upinde wako unaweza kupita juu yake kwa vijistari vifupi vifupi, ufunge, ugeuze.

Njia ya pili ni hachi ya SOLID nyeupe badala ya waipauti, hiyo inakubali pinde zote. Ila kuna mtego. Rangi namba 7 inaitwa nyeupe lakini kwenye karatasi inatoka nyeusi, utapata mlango mweusi tii. Lazima uingie True Color uandike 255,255,255. Na kama skrini yako ni nyeusi, utaliona bonge jeupe linakung'arizia macho siku nzima.

#11 Mzee wa Rula

Njia ya tatu ndiyo ya kwanza: usizibe kabisa.

Hachi inajua kukwepa. Mlango wako una mzingo wake, polilaini yenye upinde wake, haina neno. Bofya hachi ya ukuta, HATCHEDIT, ongeza mpaka kwa kuchagua kitu, mguse mlango. Mawe yatasimama kwenye ukingo wa mlango, pinde na zote. Hakuna kiraka, hakuna cha juu wala cha chini, na plota ya yeyote yenye Merge haina la kukufanya, maana pale mlangoni hakuna mstari wa kurudi. Ukiwa na Associative, ukisogeza mlango hachi inafuata. Hata maandishi hachi inayakwepa ukiyachagua kama mpaka.

Nimeanza kazi hii kwa kalamu za Rotring kwenye karatasi angavu. Ukikosea, unachukua wembe unakwangua wino taratibu, ukizidisha unatoboa, ukitoboa unaanza upya usiku huohuo. Lakini ulichokwangua kilikuwa kimekwenda. Vijana mna kiraka, mnadhani mmefuta.

#12 Ukuta wa Matumbawe

Mzee Mungu akupe umri. Nimefanya, mawe yameuzunguka mlango kama yalijengwa hivyo. Nimekaa nalo hili tangu juzi, na lilikuwa jambo la kubofya mara tatu.

#13 Pima Kwanza

Mimi ni mpimaji ardhi, si mchoraji wa majengo, lakini ugonjwa huu ninao pia. Nikiletewa ramani ya mtaa mzima kama xref (mchoro wa nje uliounganishwa na wangu) na mimi ninahitaji viwanja sita tu, sizibi vingine kwa viraka. Natumia XCLIP, nazungushia ninachotaka, kilichobaki kinapotea. Na wengi hawajui kwamba XCLIP ina chaguo la kugeuza, Invert, linaloficha kilicho ndani ya mpaka na kuacha cha nje. Kama kuna kipande cha ramani ya zamani mahali nilipopima upya, nakitoboa kwa Invert kisha naweka vipimo vyangu kwenye tundu. Inafanya kazi kwa bloku pia.

Na kama kitu kinatakiwa kionekane kwenye karatasi moja kisionekane kwenye nyingine, mfano mchoro wa umeme na mchoro wa mabomba vinatoka kwenye sakafu moja, hapo ni kugandisha leya (tabaka la mchoro) kwenye dirisha la leyauti (ukurasa wa kuprinti) husika tu. Nimewahi kuona mtu kaziba mabomba yote kwa kiraka kimoja kikubwa kama shuka, halafu anashangaa kwa nini kuta nazo hazipo.

Kwa wanaotumia QGIS (programu ya ramani), tangu toleo la 3.12 kuna kipengele cha Mask kwenye lebo: jina la barabara linakata mistari ya leya unazozitaja tu na kuziacha nyingine. Natamani AutoCAD wangekuwa na akili hiyo.

#14 Njia ya Mkato

Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo. Nimepata ramani nzuri ya ghorofa kwenye kundi la Telegram, DWG kabisa. Ina mhuri na jina la msanifu aliyeichora. Nikiweka WIPEOUT juu ya mhuri nikaandika jina la ofisi yangu kuna atakayejua?

#15 Tofali la Kuchoma

Jina lako la hapa jukwaani halikukosewa.

#16 Mzee wa Rula

Atakayejua ni yeyote atakayekibofya hicho kiraka na kubonyeza Delete. Hiyo ni kazi ya mtu, acha. Kama ramani inakufaa, mtafute aliyeichora muelewane. Mhuri wa msanifu si pambo la karatasi. Anayegonga mhuri ndiye anayeulizwa ghorofa likipata ufa.

#17 Kona Nyoofu

Na hata akituma PDF badala ya DWG hakupona. PDF inayotoka AutoCAD ni ya mistari, si picha. Kiraka kinachorwa juu, lakini kilicho chini nacho kimo ndani ya faili. Mtu akiifungua kwenye Inkscape anakisukuma kiraka pembeni. Au anaiingiza AutoCAD kwa PDFIMPORT, iliyokuja na toleo la 2017, na mistari yote inarudi, ya juu na ya chini.

Haya sisemi ya kusikia. Ofisi niliyokuwa nayo zamani tuliwahi kutuma zabuni ya ukarabati, tukaziba kwa kiraka safu nzima ya bei kwenye jedwali la milango na madirisha, kwa sababu bei zile zilikuwa zetu za ndani. Aliyepokea akataka kunakili ukubwa wa milango tu. Akaburuta kipanya kwenye jedwali, akanakili, akabandika kwenye Excel. Zikatoka safu nne badala ya tatu. Alitupigia simu kwa adabu kabisa, akauliza, "Hii safu ya mwisho na mimi inanihusu?" Bosi wetu hakuongea na mtu mpaka jioni.

#18 Binti Vipimo

Uwiii.

Na ukitumia fonti za SHX (fonti za AutoCAD yenyewe) usijidai umepona. AutoCAD huweza kuyatia maandishi ya SHX kwenye PDF kama maoni yaliyofichwa ili yatafutike. Neno ulilolifunika kwa kiraka mtu analikuta kwenye orodha ya maoni pembeni. Mimi PDFSHX naiweka 0.

#19 Penseli Butu

Wakuu narudi na mrejesho, na kuna jambo limenitoa usingizini.

Kwanza la plota. Leo asubuhi nimekwenda na PDF niliyoitengeneza mwenyewe. Kabla hawajaprinti nimemwomba yule kijana wa steshenari anifungulie Properties ya plota yao. Graphics, Merge Control: Lines Merge, imetikiwa. Nikamuonyesha, akasema kumbe ndiyo maana kuna injinia mmoja huwa anagomba hapa kila wiki. Akabadilisha, akahifadhi. Karatasi zimetoka safi, vigae havijagusa sofa hata moja. Majina ya vyumba nimeyageuza yote kuwa MTEXT yenye mandhari, vipimo DIMTFILL 1, samani nimeziingizia viraka ndani ya bloku. Kwenye mchoro wazi nimebakiwa na kiraka kimoja.

Huyo mmoja ndiye tatizo.

Mtakumbuka nilisema kuna kiraka kwenye jedwali la jina la mchoro. Ukweli ni kwamba ramani hii nilianzia kwenye faili la mteja mwingine, nyumba zinafanana, nikabadilisha vyumba viwili na paa. Kwenye jedwali jina la mteja wa kwanza na namba ya kiwanja chake vilikuwa ndani ya bloku iliyonishinda kuhariri usiku ule, nikaona nizibe tu nikaandika mapya juu. Baada ya kusoma ya Kona Nyoofu nimefungua PDF, nikabonyeza Ctrl+F, nikaandika jina la yule mteja wa kwanza.

Limetokea. Tena kwenye karatasi zote saba.

Na hiyo PDF niliishampelekea mteja kwa WhatsApp jana usiku, na DWG nimempa mkadiriaji wake.

#20 Tofali la Kuchoma

Sina utani hapa. Pole ndugu.

#21 Mzee wa Rula

Tulia, hakuna kilichoharibika kisichotengenezeka. Usiongeze kiraka.

Bofya jedwali mara mbili. Likifungua dirisha la kujaza majina, hayo ni atributi, badilisha humo. Likifungua BEDIT, ingia ufute maandishi ya zamani yenyewe, uandike mapya mahali pake, uhifadhi. Kisha futa kiraka, fremu yako ni 2 kwa hiyo unakiona. Kama jedwali limejirudia kwenye leyauti saba ni bloku moja, ukihariri mara moja zote zinafuata. Zikiwa atributi ni lazima upite moja moja, au andika ATTSYNC baada ya kuhariri muundo, lakini angalia, ATTSYNC inashughulikia muundo wa atributi, haikujazii majina. Malizia na PURGE ili mabaki yasiyotumika yatoke. Hifadhi kwa jina jipya.

Ndipo umpigie mkadiriaji umwambie kuna toleo sahihi, afute la kwanza. Mwambie tu kwamba jedwali lilikuwa na kosa. Ni kweli lilikuwa na kosa.

#22 Pima Kwanza

Na XCLIP niliyoisifu mimi huko juu ni hivyohivyo, isije ikamdanganya mtu. Inaficha, haikati. Ukimpa mtu DWG na xref yake, mtaa mzima umo. Kama hutaki auone mtaa, futa kabisa kisicho chake kwenye nakala, upeleke hiyo nakala.

#23 Penseli Butu

Nimemaliza. Zilikuwa atributi, nimepita moja moja saba zote. Kiraka nimefuta, PURGE nimefanya mpaka imesema hakuna cha kutoa. PDF mpya, Ctrl+F, jina halipo. Mkadiriaji nimempigia, hakuwa hata amelifungua faili la kwanza, kasema alikuwa msibani. Namshukuru Mungu kwa hilo ingawa nimempa pole.

Mteja kapokea karatasi, kaangalia sebule, kasema sofa lihamie upande wa dirishani. Nimelivuta. Vigae vimejifunika vyenyewe.

#24 Binti Vipimo

Hongera kaka! Swali moja la mwisho kisha nalala. Faili ulilianzia kwa yule mteja wa kwanza, sivyo? Umeandika DWGPROPS (taarifa za faili lenyewe) ukaangalia kwenye Title na Subject pameandikwa nini?

#25 Penseli Butu

Ngoja.

#26 Penseli Butu

Lipo.